Klachi iliyoganda, na gereji iliyoniuliza mume wangu yuko wapi

Nimechelewa kuandika haya kwa makusudi, nikingoja hasira ipoe, lakini kila ninapopita na gari mbele ya ile gereji moyo unanipanda upya, na sasa naona ni afadhali niyaseme yaishe. Gereji yenyewe siitaji jina. Iko Tanga, ina ua mpana uliosakafiwa na mafundi wengi wenye sare, na watu wawili ninaowaheshimu ndio walionielekeza huko.

Gari ni Land Rover 109 ya dizeli, Series III, alilotuachia marehemu baba. Nilipohamishiwa Dodoma kikazi nililiacha bandani nyumbani kwetu Chumbageni, likakaa pale masika mawili bila mtu kuliwasha. Anayeijua Tanga anajua jinsi upepo wa bahari unavyokula chuma: bawaba za dirisha zisipotiwa mafuta hugoma kabla mwaka haujageuka, na kufuli la geti hulazimika kugongwa ndipo likubali ufunguo. Kwa hiyo niliporudi sikutarajia miujiza. Nilinunua betri mpya, nikabadilisha dizeli na oili, na injini ikawaka kwa jaribio la nne, na mlio wake ukanikumbusha asubuhi za utotoni hata machozi yakanilenga. Nilipokanyaga klachi, ile pedali inayotenganisha injini na gia, ili niingize gia, gia ikakataa. Ilisaga kwa kelele ya kuumiza meno, nikaiacha haraka. Nikazima injini, nikajaribu tena, na gia zote zikaingia kimya kama kisu kwenye siagi. Nikawasha, zikagoma.

Nawaomba wasomaji mlishike hilo, kwa sababu ugomvi wangu wote na gereji umesimama juu yake. Pedali yangu ilikuwa ngumu na imara kama zamani. Haikuzama, haikuwa laini, na kopo la mafuta ya klachi halikupungua hata kidogo.

Waliokuja kulivuta gari walikuwa vijana wawili wapole, waliofunga mnyororo kwa uangalifu na kunionya nisishike usukani kwa nguvu kwenye kona, na kwa hao sina lawama yoyote. Lawama yangu ni kwa msimamizi wao. Kijana yule, ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, hakuniamkia. Alizunguka gari mara moja, akaupiga mlango kwa kiganja kama anayechagua ng'ombe mnadani, akasema, "Klachi imeungua hii. Gia boksi inatoka." Nikamweleza habari ya pedali na ya gia zinazoingia injini ikiwa imezimwa. Alinisikiliza huku akitazama simu yake, nilipomaliza akaniuliza, "Dada, mumeo yuko wapi nizungumze naye?"

Nimeolewa, na mume wangu ni mwalimu asiyejua hata pa kuweka maji ya rejeta, jambo ambalo yeye mwenyewe hukiri bila haya. Gari nililifahamu mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyemshikia baba tochi tangu nikiwa darasa la tatu. Lakini hata nisingekuwa najua kitu, hata ningekuwa nimeliona gari kwa mara ya kwanza siku hiyo, swali lile lisingekuwa halali. Mwenye gari nilikuwa mimi, na fedha ilikuwa mkononi mwangu.

Aliniandikia makadirio ya shilingi 850,000: pleti ya klachi, presha pleti, beringi na ufundi. Sisemi bei ni ya wizi. Kwenye Land Rover za aina hii, kuitoa gia boksi ni kazi nzito, maana hung'olewa mabati ya sakafu na sanduku lote la viti, na kila bolti iliyokula kutu ni vita ya peke yake. Kama kazi ingekuwa ya lazima ningelipa na kushukuru. Ninachosema ni kwamba aliitangaza kazi hiyo bila kukanyaga pedali hata mara moja. Hakupanda ndani ya gari. Klachi iliyoungua huteleza: injini inanguruma na gari haliendi. Ya kwangu ilikuwa imeng'ang'ania na haiachii, ambao ni ugonjwa wa upande wa pili kabisa, na mtu anayeitwa fundi hapaswi kuuchanganya na ule.

Nililivuta gari kurudi nyumbani kwa gharama yangu, nikamwendea mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye zamani alikuwa akimtengenezea baba. Nilimkuta barazani akinywa kahawa. Nilipomaliza kueleza aliuliza swali moja tu: "Limesimama muda gani, mwanangu?" Nikamwambia. Akaweka kikombe chini. "Basi pleti imeshikana na flaiwili. Haijaungua, imeota kutu."

Alinieleza taratibu, na hapa nafupisha maneno yake. Mguu usipokuwa kwenye pedali, springi ya presha pleti huibana pleti ya klachi dhidi ya flaiwili, lile gurudumu zito linalozunguka na injini, muda wote, usiku na mchana. Flaiwili ni chuma, presha pleti ni chuma, na bitana ya pleti iliyo katikati, yaani ile ngozi yake ya msuguano, hunyonya unyevu; gari likikaa miezi mingi kwenye hewa ya chumvi, kutu huota kati yao na kuwaunganisha kama gundi. Ukikanyaga, presha pleti inasogea vizuri kabisa, ila pleti inabaki imekwama na kuendelea kuzunguka pamoja na injini. Ndiyo maana gia zinasaga. Ili kunithibitishia aliingiza gia ya tatu injini ikiwa imezimwa, akaniambia nikanyage klachi hadi mwisho, na yeye na mwanangu wakalisukuma gari kwa nyuma. Halikusogea hata inchi moja, wakati klachi inayoachia ingeliruhusu libingirike.

Kazi ilichukua siku tatu, na sehemu kubwa yake ilikuwa kungoja. Kwanza alizikagua breki na kuzitoa hewa, akisema hatagusa klachi mpaka awe na uhakika kwamba gari litasimama. Kisha akaiacha injini ingurume gia ikiwa huru hadi joto likaenea kwenye chuma chote, akazima, akaikandamiza pedali hadi sakafuni na kuiwekea kijiti cha mkaratusi alichokipima kati yake na sanduku la kiti. Nilikiona kile kijiti kwa karibu: kilikuwa kimechongwa ncha bapa upande wa pedali kisiteleze, na upande wa pili amekizungushia kipande cha tairi la baiskeli kisichubue rangi. Kijana wa gereji aliuona mlango wa gari la baba yangu kuwa kitu cha kupiga kofi. Mzee huyu aliihurumia rangi ya sanduku la kiti ambalo hakuna anayeliona.

Nilimuuliza kwa nini asinyunyizie mafuta ya kulainisha kutu. Alishtuka. Mafuta yakiifikia bitana, alisema, klachi itaachia leo na kuanza kuteleza kesho, na hapo ndipo gia boksi itatoka kweli.

Usiku wa kwanza haikuachia, wala wa pili. Asubuhi ya tatu tulilivuta hadi kwenye uwanja mpana usio na watu, akaipasha tena injini joto na kuizima, akaingiza gia ya pili, akakanyaga klachi hadi mwisho na kupiga stata gari likiwa ndani ya gia. Likaruka mbele na kuondoka huku injini ikiwaka. Hakuutoa mguu kwenye klachi. Alikuwa akiongeza mafuta na kuyaachia ghafla, kisha akapiga breki mara moja, mara ya pili, na mara ya tatu nikasikia mlio mkavu chini ya sakafu, kama ubao unaovunjika, na injini ikabaki ikinguruma peke yake huku gari likisimama taratibu. Nilipiga kelele kama mtoto. Akaingiza gia ya kwanza, ikaingia bila sauti.

Alinitoza shilingi 40,000, na ilibidi nimshurutishe apokee zaidi.

Lazima niseme pia ambalo halinifurahishi. Mzee mwenyewe alinionya kwamba bitana ingeweza kubanduka wakati wa kuachia, na kama ingebanduka, yale makadirio ya 850,000 yangekuwa sahihi. Tena kwa wiki nzima klachi ilitetemeka kila nilipoondoa gari, hadi kutu iliyobaki iliposuguliwa ikaisha. Kwa hiyo nilipoanza kuandika nilikusudia kuipa gereji nyota mbili, moja kwa wale vijana wa mnyororo na moja kwa kuwa hukumu yao haikuwa jambo lisilowezekana.

Lakini kila nikiirudia hiyo nyota ya pili naona siwezi kuitoa. Hukumu ya mtu asiyepima si hukumu, hata ikiangukia kwenye ukweli. Mzee aliniuliza gari limesimama muda gani. Msimamizi aliniuliza mume wangu yuko wapi. Nyota ni moja, na ni ya wale vijana wawili, si ya gereji. Mwenye klachi iliyoungua kweli anaweza kwenda huko, atahudumiwa. Hapana, hilo nalo nalifuta: asiende, mpaka yule msimamizi atakapojifunza kumwamkia mwenye gari na kuikanyaga pedali kwanza.