Boti ya alumini: ya ribiti au ya kuchomelewa? Nimezitumia zote mbili hapa Tanga

Swali hili naulizwa sana pale Sahare, na mwulizaji huwa amesimama kando ya boti yangu anaigonga kwa kidole kama mtu anayechagua nazi sokoni. Anataka nimwambie ipi ngumu. Ngumu ni ya kuchomelewa, hilo halina ubishi. Ila mimi nikimjibu namrudishia swali: ikikuvujia, utampelekea nani?

Kazi yangu ni kupeleka watu. Wageni wanaotaka kuona kisiwa cha Toten na Ulenge, wavuvi wa mshipi wa siku za mapumziko, mara mojamoja mtu na mizigo yake upande wa Chongoleani. Nilianza na boti ya ribiti ya futi 14, mtumba, iliyokuja ndani ya kontena na makorokoro mengine. Niliitumia miaka minne. Sasa ni mwaka wa tatu niko na ya kuchomelewa, futi 16, mtumba vilevile.

Kwa asiyezijua: ya ribiti huundwa kwa mabati membamba, langu lilikuwa milimita 1.6. Ukingo wa bati moja unalalia ukingo wa jingine, katikati inapakwa gundi ya kuzuia maji, kisha yanatobolewa matundu na kila tundu linapitishwa kipini cha alumini kinachopondwa hadi kitanuke kichwa upande wa pili. Boti ndogo tu ina mamia ya vipini hivyo. Ya kuchomelewa ina mabati manene, yangu ni milimita 4 chini na 3 pembeni, nayo yameyeyushwa yakashikana yakawa kitu kimoja.

Watu wakisikia ribiti hudharau. Ndege zinaruka kwa ribiti mpaka leo. Hata Grumman, kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiunda ndege za kivita, baada ya Vita Kuu ya Pili ilianza kuunda mitumbwi ya alumini kwa ufundi uleule. Na sisi watu wa pwani ndio wa kudharau? Mtepe wa wazee wetu ulishonwa kwa kamba za nazi, haukuwa na msumari hata mmoja, na ulisafiri.

Haya, turudi kwangu. Mwaka wa kwanza ile ya ribiti haikunipa taabu. Mwaka wa pili, mwezi wa sita, kusi limekaza, nikatoka nje ya ghuba na watu wanne kuelekea Karange. Mawimbi ya huko siku kama ile ni mafupi, yanafuatana bila kukupa nafasi. Bati jembamba likipigwa linabonyea na kurudi. Ukikanyaga sakafu peku unalihisi linapumua chini ya unyayo. Kila likipumua, ribiti inacheza kidogo ndani ya tundu lake, tundu linapanuka kiasi cha unywele, maji yanapata njia. Tulirudi maji yamefika kwenye vifundo vya miguu na mteja wangu mmoja anafua maji kwa chupa ya soda iliyokatwa. Upo wangu, kata ya kutolea maji botini, ulikuwa umevunjika. Nauli yake sikuidai.

Kosa langu lilikuwa kumpelekea fundi wa kwanza niliyemwona ana vifaa vya alumini. Akatoboa ribiti 14 zilizolegea, akabandika zile za kuvuta kwa mkasi wa mkono, pop riveti. Kazi ya nusu saa. Wiki mbili baadaye boti inavuja kuliko mwanzo, tena matundu yanatoa machozi ya kutu. Nikambeba mzee mmoja anayeunda mashua, mtu ambaye maisha yake ni misumari, pamba na deheni, nikampeleka akaitazame.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba mwanangu. Nani kaipiga hii misumari ya madirisha?”

Alikuwa amesema kweli. Pop riveti ya kawaida ni ya fremu za madirisha. Katikati yake ina tundu, maji yanapita humohumo, na kile kipande cha chuma kinachobaki ndani hushika kutu na kuanza kuila alumini inayokizunguka. Mzee hakuwahi kutengeneza boti ya bati, lakini alipolala chini akaziangalia zile ribiti za asili alicheka. Akasema hii ni mashua tu, ila misumari yake mifupi.

Akaniambia niijaze maji. Nikadhani anatania. Tukaipandisha juu ya matairi manne, tukayapanga vizuri chini ya mkuku, yaani uti wa chini wa boti, na mataruma, yaani mbavu zake, maana maji ni mazito: lita 300 ni kilo 300, na boti isipoegemezwa sawasawa unaivunja mgongo mwenyewe. Tukamwaga maji ya kisima ndoo baada ya ndoo hadi yakafika nusu ya goti. Kisha tukakaa kivulini tukanywa chai. Kama baada ya robo saa, chini ya boti iliyokauka kwa jua vikaanza kuonekana vitone, kimoja hapa, kingine kule, vinang'aa kama jasho kwenye paji la uso. Mzee akapita na chaki anazungushia kila kitone duara. Tulihesabu maduara 23. Mengi yalikuwa kwenye mstari mmoja, pale nilipowahi kuikokota juu ya mawe nikisema haidhuru.

Tulipoyamwaga maji, mpwa wangu akakaa nje ameegemeza kichwa cha nyundo kubwa kwenye kichwa cha ribiti, mzee ndani anaponda mkia wake kwa nyundo ndogo. Tap, tap, tap, mara tatu nne, anahamia nyingine. Zilizogoma tulizitoa, tukaweka ribiti ngumu za alumini ambazo nilikuwa nimeagizia, zikachovywa kwenye gundi ya boti kabla ya kupita. Mchana mmoja kazi imekwisha. Tangu hapo nikawa nafanya hivyo kila mwaka kabla ya kusi kuanza, na haikunivujia tena ya kutisha.

Nikanunua ya kuchomelewa kwa sababu wateja walikuwa wanataka kwenda mbali. Bei ilikuwa zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza, na sijutii siku ninapokuwa nje ya mwamba. Inakata maji, haipumui, sakafu imekaa kimya chini ya miguu. Ngama, yaani tumbo la chini la boti, huikuta kavu wiki nzima. Mara moja maji yalinitoroka karibu na Ulenge tukapanda juu ya jiwe kwa kishindo. Niliposhuka kutazama, nikakuta mbonyeo wa ukubwa wa sahani na mkwaruzo, basi. Ile ya ribiti ingechanika mstari mzima.

Uzito wake ndio tabu. Sahare maji yakikupwa, hasa bamvua, bahari inakimbia mbali inakuachia tope. Boti ya ribiti tulikuwa watu wanne tunaibeba tunaiweka tunakotaka. Hii ya sasa usipoikuta na maji, unasubiri maji. Mara ngapi nimekaa juu ya nanga yangu natazama wenye ngalawa wanaondoka! Na mafuta inakunywa, kwa sababu imehitaji injini ya nguvu farasi 40 pale ambapo ya kwanza ilitosheka na 15.

Halafu ikapasuka.

Ribiti inapolegea inakwambia: tone leo, matone kesho, unajua. Mshono wa moto hausemi. Nyuma, karibu na pale injini inapofungwa, taruma linapokutana na bati la chini, kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama unywele wa mtoto. Niliuona kwa bahati, siku nilipong'oa ubao wa sakafu nikitafuta kisu kilichodondoka. Moto wa kuchomelea hulegeza alumini iliyo kandokando ya mshono, kwa hiyo ufa huwa haupiti kwenye mshono wenyewe, hupita pembeni yake. Na injini inatetemeka hapo kila siku.

Fundi wa mageti akaniambia ni kazi ya dakika tano. Ndugu zangu, msikubali. Alumini huyeyuka kwenye nyuzijoto 660, lakini lile gamba lake la juu, ambalo macho hayalioni, halikubali mpaka zaidi ya 2000. Asiyelijua hilo anaongeza moto kwa kuona haishiki, kumbe chini bati limeshakuwa maji. Alinitobolea tundu la kuingiza kidole gumba. Nilikuja na ufa nikaondoka na tundu.

Aliyeniokoa ni fundi anayechomelea matangi ya maziwa. Yeye anatumia gesi ya argoni, na mashine yake inatoa umeme wa mkondo geu, ambao ndio unaolivunja lile gamba. Lakini hakuwa na fimbo za kujazia za alumini ya baharini, zikaagizwa Dar es Salaam. Mitungi ya argoni ilikuwa imekwisha, ikasubiriwa. Nilikaa siku 19 bila kazi, msimu wa wageni. Alipoanza nilimheshimu: kwanza alinifanya niioshe sehemu ile kwa maji matamu na kuikausha kabisa, maana chumvi na unyevu hujaza mshono vitundu kama mkate. Akafungua nyaya zote za injini. Akatoboa kijitundu kidogo kwenye ncha ya ufa ili usiendelee mbele, akasugua kwa brashi ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma kingine, ndipo akawasha. Mshono wake umelala kama sarafu zilizopangwa. Haujanisumbua.

Kuhusu kutu, zote mbili ni sawa, na mwenye boti ndiye adui mkubwa. Rangi nyekundu ya chini yenye shaba, ile wanayopaka wenye vyombo vya mbao na faiba, msiipake kwenye alumini. Shaba ikikutana nayo ndani ya maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa. Mimi mwenyewe nilisahau chubwi la risasi, lile zito la kuzamishia mshipi, ndani ya ngama miezi kadhaa. Nilipoliinua, chini yake palikuwa na unga mweupe, na nilipoukwangua nikakuta vishimo vya kuingia kichwa cha kiberiti. Nunua vipande vya zinki ufunge nyuma, na vikiisha nusu badilisha.

Sasa ukiniuliza ununue ipi, nitakuuliza unakwenda wapi. Kama safari zako ni ndani ya ghuba, Toten na kurudi, na boti unaivuta mwenyewe juu ya tope, chukua ya ribiti na uwe na nyundo mbili na rafiki mvumilivu. Ya kuchomelewa inunue kama unatoka nje wakati wa kusi na umeshamjua fundi wa argoni kwa sura, umekwenda kwake ukaona mashine yake, kabla hujatoa hata shilingi. Nikinunua leo nitachukua tena ya kuchomelewa. Nitakagua kila kona ya nyuma kwa tochi, na sakafu nitaing'oa mbele ya muuzaji hata akinuna.

Ile ya ribiti nilimwachia mpwa wangu, ndiyo inayomlisha. Juzi nilipita asubuhi nikamkuta ameipandisha juu ya matairi, imejaa maji, yeye amelala chali mchangani na chaki mkononi. Nikamwuliza mangapi. Akasema amefika saba, na upande wa injini bado hajaufikia.