Weber 40 DCOE tatu juu ya moteri ya Datsun 240Z: je, zinafaa Lubumbashi?

Zinafaa sana, ila si kwa mpangilio zinaotoka nao kwenye kartoni. Seti tunayoipima hapa ni kabureta tatu za Weber 40 DCOE 151, manifoldi yake na vyuma vya kuvutia, kwa ajili ya moteri ya L28 iliyowekwa ndani ya Datsun 240Z. Hilo ndilo gari lililoshinda Safari Rally ya Afrika Mashariki mwaka 1971 na tena 1973. Moteri yake ya kwanza, L24, ina cc 2,393. L28 ina cc 2,753 (silinda milimita 86, mwendo wa pistoni 79), na mafundi wengi huichagua kwa sababu inaingia mahali palepale bila kukata chuma.

Kabla ya kulipa, angalia moteri yenyewe. Kabureta hizi juu ya shafti ya kemu (inayofungua valvu) ya kiwandani huongeza sauti kuliko nguvu, kwa hiyo kama kemu haibadilishwi, fedha hiyo ingefanya kazi bora kwenye breki. Pima kompresheni ya silinda zote sita. Tofauti kati ya ya juu na ya chini isizidi asilimia 10. Usishtuke kipimo kikisoma chini ya kile cha kitabu: hapa hewa ni nyepesi, na moteri nzima kabisa itaonyesha karibu psi 150 pale ambapo pwani ingeonyesha 170. Mafundi wengine hufungua moteri nzuri kwa sababu hiyo tu. Nafasi ya valvu, moteri ikiwa baridi, ni milimita 0.20 kwa ya kuingiza na 0.25 kwa ya kutolea.

Sasa jikleri, yaani vitundu vya shaba vinavyopima esansi (petroli), maana hapo ndipo seti hii inapofaulu au inapolaumiwa bure. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi, na hewa yake ni pungufu kwa karibu asilimia 12 kuliko ya pwani. Kabureta husikia mwendo wa hewa, haisikii uzito wake, kwa hiyo inaendelea kumwaga esansi kana kwamba hewa imetimia. Mchanganyiko unanenepa kwa kama asilimia 6. Namba ya jikleri ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita: 130 ni milimita 1.30. Kupunguza eneo la tundu kwa asilimia 6 ni kupunguza kipenyo kwa asilimia 3 tu, kwa hiyo 130 inakuwa 126, na iliyo karibu ni 125. Goma na Bukavu, kwenye mita 1,500 hivi, hesabu inaangukia 125 yenyewe. Anayeruka kutoka 130 hadi 115 kwa kuogopa moshi anaunguza pistoni.

Difizeri, yaani koo jembamba linalopitisha hewa, ya milimita 30 inayokuja nazo kwa kawaida ni nyembamba kwa L28 yenye kemu kali. Moteri inakabwa koo ikizunguka juu. Weka 32. Ukipanda hadi 34 au 36, nguvu ya chini inapotea, na katikati ya mji hiyo ya chini ndiyo unayoitumia. Pamoja na 32, anza na jikleri kuu 125, ya hewa 180, na bomba la kuchanganya hewa na esansi la F11. Kila kabureta ina makoo mawili, kwa hiyo kila saizi inunuliwe sita sita: 120, 125 na 130. Ziagize pamoja na kabureta. Kungoja mzigo mwingine uvuke mpaka wa Kasumbalesa kwa ajili ya vipande sita vya shaba ni kupoteza muda.

Jikleri ya relanti (moteri ikizunguka polepole bila kukanyagwa) ndiyo inayosahaulika, ingawa sehemu kubwa ya mwendo wa mjini hupita humo. Gari likikohoa kati ya mizunguko 1,500 na 2,500 kwa dakika, jikleri kuu haina kosa. Likirudisha moto kwa kupasuka kwenye midomo ya kabureta, esansi ni kidogo. Likitoa moshi mweusi na buji (plagi) kushika masizi, ni nyingi. Anza na jikleri ya relanti 55F8. Skrubu ya mchanganyiko kwenye toleo hili la 151 hutulia kati ya mizunguko miwili na mitatu kutoka imefungwa. Ikitulia chini ya mmoja na nusu, shuka hadi 50F8. Ikidai zaidi ya mitatu, panda.

Shinikizo la esansi nalo lisibahatishwe. Weber inataka 0.2 bar hivi. Pompu ya umeme inayouzwa kwa gari lolote huweza kutoa mara mbili ya hapo, sindano inashindwa kufunga, na esansi inafurika hadi kwenye silinda, inaosha oili ukutani na kuingia kwenye karta, bakuli la oili chini ya moteri. Oili ikinuka esansi, simamisha moteri hapo hapo. Regileta ya kupunguza shinikizo na saa yake ya kulipima ni lazima. Kisha pima boya linalofunga esansi: kifuniko kikiwa wima na jwenti yake (gasketi), ulimi ukigusa kitufe cha sindano bila kukisukuma, boya la shaba liwe milimita 8.5 kutoka kwenye jwenti, na likishuka liishie 15. Boya la plastiki lina kipimo chake kingine.

Usikaze nati za kabureta hadi mwisho. Kabureta hukaa juu ya pete za mpira na springi ndogo ili mtikisiko wa moteri usifanye esansi povu. Nafasi kama nusu milimita ibaki kati ya mizunguko ya springi.

Kwenye L28, manifoldi ya kuingiza na ya kutolea ziko upande mmoja wa kilasi (kichwa cha moteri), moja juu ya nyingine. Joto linapanda moja kwa moja hadi chini ya kabureta, na mwezi wa 10, kwenye foleni, esansi inachemka ndani ya bakuli na gari linakataa kuwaka tena. Bati la alumini la milimita 1.5 kati yao linatatua sehemu kubwa ya tatizo. Magari yanayotoka Zambia, yenye usukani wa kulia, yana faida hapa: pompu ya breki haiko upande wa kabureta, na kabureta ya nyuma inapata nafasi. Kwa usukani wa kushoto, pima kwanza urefu wa midomo.

Dilko, inayogawa cheche kwa buji, ifanyiwe kazi pia. Kabureta hizi hazina tundu la vakyumu (mvuto wa hewa) kwa ajili yake, kwa hiyo vizito vyake vinavyofunguka kwa mzunguko peke yake vibebe kazi ya kuwahisha cheche: jumla digrii 34 kufikia mizunguko 3,000, si zaidi kwa esansi isiyojulikana asili yake. Vakyumu ya breki ichukuliwe kwenye makoo kadhaa kupitia valvu ya njia moja. Koo moja halitoshi.

Picha za midomo mitupu bila chujio zinavutia, lakini vumbi jekundu la kiangazi la hapa linamaliza ringi za pistoni haraka sana. Nunua chujio la sponji lenye oili, lioshwe mara kwa mara kuanzia mwezi wa 5 hadi mvua. Silinda moja ikifa kwenye relanti ghafla, toa jikleri yake ndogo na upulize kwa kompresa. Waya hauingizwi humo kamwe, unapanua tundu.

Seti halisi, pamoja na manifoldi, inazidi dola elfu moja kwa urahisi. Nakala za bei ya chini zipo nyingi. Shika mhimili wa papiyo, kibati kinachofungua na kufunga koo, na uutikise. Ukicheza ungali mpya, hewa itaingia hapo na relanti haitatulia, hata fundi awe nani. Kwa mwenye L28 yenye kemu, kipima hewa cha kulinganisha makoo sita, na subira ya kubadili jikleri moja kwa wakati, tunapendekeza ya kweli bila kusita. Kwa anayetaka kuendesha tu bila kufungua boneti, kabureta mbili za kiwandani zibaki mahali pake.