WD Black SN770 kama diski ya pili ya leptopu ya gemu: joto tunalipoza vipi?

Karibuni watazamaji. Leo naichambua SN770 ya terabaiti 1 kwa swali moja tu: inafaa kukaa kwenye nafasi ya pili ya M.2, yaani tundu bapa la diski za SSD? Inafaa, na kwa nafasi hiyo naipenda kuliko diski zinazoishinda kasi.

Kwenye leptopu nyingi za gemu, nafasi hiyo imebanwa kati ya betri na mabomba ya shaba ya kupozea GPU (chipu ya picha), feni haziifikii. Diski inapashwa moto na jirani hata kabla haijafanya kazi. SN770 inasoma hadi MB 5,150 kwa sekunde, haina DRAM (chipu ya kumbukumbu ya muda), na chipu zote ziko upande mmoja, kwa hiyo chini yake hakuna kinachobanwa. Samsung 990 Pro inafika MB 7,450, lakini kwenye gemu tofauti hiyo huioni. Hata ukiichagua hiyo 990 Pro, usinunue ile yenye bamba la kupozea la kiwandani: unene wake unazidi milimita 8, mfuniko wa chini wa leptopu hautafunga.

Zima mashine kabisa, chomoa chaja, fungua mfuniko, kisha chomoa plagi ya betri kabla ya kugusa kingine chochote. Chomeka diski ikiwa imeinuka kidogo, meno yazame yote, ilaze, kaza skrubu taratibu. Skrubu hizi huliwa kichwa upesi.

Sasa tazama hapa kwa karibu. Pedi ya joto, kile kipande laini kinachopitisha joto, inasaidia pale tu inapogusa chuma upande wa pili. Mfuniko ukiwa plastiki mtupu, pedi peke yake ni blanketi. Pima uwazi hivi: weka kidonge cha udongo wa watoto wa kuchezea, kilichofungwa kwenye nailoni, juu ya diski; funga mfuniko, fungua, pima kilivyobonyea. Ukipata milimita 1.2, weka pedi ya 1.5. Ya 2 itaipinda diski. Ya 1 itaacha hewa katikati, na hewa haipitishi joto vizuri. Stika ya diski usiibandue, dhamana inakwenda nayo.

Kama hakuna chuma, weka pedi ya 0.5 na juu yake bamba la shaba la milimita 1, uwazi ukiruhusu. Shaba isizidi kingo za diski: ikigusa ubao, umeunguza mashine.

Kupima, fungua CrystalDiskInfo, programu inayoonyesha joto la diski, na unakili faili za GB 200. Kasi ikiporomoka joto likiwa nyuzi 60, hiyo ni akiba ya kuandikia (sehemu ya haraka inayopokea data kwanza) imejaa, pedi haitakusaidia. Ikiporomoka joto likiwa limepita 80, diski inajilinda, rudi kwenye pedi. Halafu cheza gemu nusu saa bila kunakili kitu. Diski ikipanda hadi 70 na haina kazi kubwa, joto hilo ni la GPU: inua nyuma ya leptopu sentimita 3, upime tena.