Tovuti ya michango kwa kijana anayekwenda kufundisha ng'ambo: tathmini baada ya miezi minne

Mpwa wangu alikuwa na umri wa miaka 17 alipokubaliwa kujitolea kufundisha kusoma na hesabu katika shule ya msingi ng'ambo, kwa sharti kwamba achangishe gharama zote kabla ya kuondoka. Si kila mpango huendeshwa hivyo. Mpango wa Ujerumani uitwao weltwärts, ulioanzishwa mwaka 2008 kwa vijana wa miaka 18 hadi 28, hugharimiwa kwa sehemu kubwa na serikali, na kijana huombwa tu kutafuta wachangiaji wa kujazia pale palipopungua. Asiye na mpango wa namna hiyo hubaki na jamaa, marafiki na intaneti, na ndivyo tulivyojikuta tukitumia mojawapo ya tovuti za kuchangisha fedha.

Kufungua ukurasa hakukutuchukua hata saa moja. Kwa kuwa mpwa wangu hakuwa ametimiza miaka 18, akaunti ilibidi iwe kwa jina la mama yake, jambo ambalo naliona la busara, maana fedha za watu hazifai kukaa mikononi mwa mtoto bila mtu mzima wa kuulizwa. Jambo la kuangaliwa mapema ni aina ya tovuti yenyewe. Kickstarter, kwa mfano, ni ya miradi ya ubunifu, nayo haitoi chochote lengo lisipofikiwa. Kwa safari ya mtu binafsi haifai. Tuliyoichagua ilitukabidhi kila kilichopatikana, hata kama kingekuwa pungufu ya lengo.

Kuhusu makato, neno "bure" lisomwe kwa uangalifu. Mwaka 2017 GoFundMe, tovuti nyingine ya kuchangisha fedha, iliondoa ada yake ya asilimia 5 kwa michango ya watu binafsi nchini Marekani, ikabakiza ada ya miamala ya asilimia 2.9 pamoja na senti 30 kwa kila mchango, na kuwaomba wachangiaji bakshishi ya hiari. Hesabu hiyo haiwapendelei wenye kutoa kidogo: anayetoa dola 100 hukatwa takriban dola 3, lakini kwenye dola 5 zinakatwa karibu senti 45, yaani kama asilimia 9. Katika tovuti tuliyoitumia sisi, bakshishi ilikuwa imekwisha kujazwa kabla mchangiaji hajaandika chochote, na shangazi mmoja aliilipa akidhani ni kodi. Hilo lilinichukiza kuliko kitu kingine chochote katika huduma hii, kwa sababu hiari inayomtaka mtu atafute mahali pa kuikataa ina walakini.

Kasoro kubwa zaidi, hata hivyo, haikuwa ya tovuti. Wiki tatu za mwanzo ukurasa ulisema kwamba mpwa wangu anataka "kubadilisha maisha ya watoto", na michango ikawa ya kudonadona. Kisha mchangiaji mmoja akauliza hadharani kwa nini fedha hizo zisitumwe huko ziajiri mwalimu aliyesomea kazi yake. Nilitaka kulifuta swali lile. Mpwa wangu akanizuia, akajibu kwamba hatashika darasa peke yake, kwamba atamsaidia mwalimu mwenye sifa kwa kusoma na vikundi vidogo vya wanafunzi, na kwamba shirika limemtaka alete cheti cha polisi na kukaa mwaka mzima wa masomo, si wiki mbili za kupiga picha. Chini ya jibu hilo akaorodhesha nauli ya ndege, viza, bima, chanjo na posho, kila kimoja na kiasi chake. Michango ilianza kuongezeka siku ileile, na muuliza swali alikuwa miongoni mwa waliotoa.

Ningeitumia tena huduma hii, ila si kwa kuanzia. Ukurasa wenye sifuri humtia mgeni mashaka, kwa hiyo ni afadhali theluthi ya kwanza ipatikane kwa kuzungumza na watu ana kwa ana, kisha tovuti iwe daftari la kupokelea na kutolea taarifa. Fedha zilichukua siku kadhaa kufika benki baada ya utambulisho wa mama kuhakikiwa, nasi tulikuwa tumeliacha jambo hilo hadi karibu na siku ya kulipia tiketi. Tena hapakuwa na sehemu yoyote ya kueleza nini kitafanyika iwapo safari itaahirishwa au fedha zitazidi. Tuliandika wenyewe mwishoni mwa maelezo kwamba safari ikivunjika kila mtu atarudishiwa chake, na kwamba ziada itanunua vitabu vitakavyochaguliwa na mwalimu mwenyeji. Ziada ilipatikana, ndogo tu, na orodha ya vitabu tumeletewa juzi.