Vumawimbi: pwani ambayo hakuna aliyeniuliza naelekea wapi

Nafundisha historia katika skuli ya sekondari hapa Unguja, na Unguja ndiko nilikozaliwa. Hadi Disemba 2024 nilikuwa nimemaliza miaka sita sijatia mwili wangu baharini. Mara ya mwisho kujaribu ilikuwa upande wa mashariki, pwani ileile ambayo bibi yangu alikuwa akichokoa pweza na mimi mtoto nimemshikia kapu. Nilikwenda na mdogo wangu wa kike, sote tumevaa madera na kanga begani, tukapita pembeni ya hoteli moja kuelekea majini. Mlinzi akatufuata. "Dada zangu, mnaelekea wapi?" Alikuwa kijana wa watu, ametumwa, na adabu anayo. Lakini swali lile lilinikaa kooni. Tuligeuza, tukapanda daladala, tukarudi mjini miguu mikavu.

Aliyenitajia Vumawimbi, pwani ya kaskazini mwa Pemba, ni mwalimu mwenzangu, Mpemba wa upande wa Micheweni. Aliniambia: "Beba shanta lako, beba maji, mengine utayakuta hukohuko." Nimekwenda na mdogo wangu yuleyule, tumekaa siku nne, na naandika kwa ajili ya mtu mwenye mshahara kama wangu anayetaka bahari tulivu, hasa mwanamke anayetaka kuoga amejisitiri na asitazamwe.

Safari yenyewe haina maneno mengi. Boti kutoka bandari ya Malindi, hapa mjini Unguja, hadi bandari ya Mkoani, Pemba, ndiyo iliyokula pesa kuliko kitu chochote, na kama tumbo lako jepesi, usile kitu kizito asubuhi, kwa sababu ukishaipita Nungwi bahari inakuwa nyingine. Kutoka Mkoani ni daladala hadi Chake Chake, kisha nyingine hadi Wete. Kaeni upande wa dirisha. Pemba ni vilima na mabonde, na msimu ule karafuu zilikuwa zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara, nyingine bado za kijani, nyingine zimeshakuwa za kahawia, na harufu inaingia mpaka ndani ya gari. Huwa nawafundisha wanafunzi wangu kimbunga cha mwaka 1872, kilivyoing'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha ya Pemba, ndiyo maana karafuu ya Zanzibar hadi leo ni ya Pemba zaidi. Nimelifundisha somo hilo miaka minane. Siku ile ndipo nililinusa.

Tulifikia Wete, nyumba ya wageni ya ghorofa moja karibu na soko. Chumba cha vitanda viwili kilikuwa shilingi 40,000 kwa usiku, na chai ya asubuhi imo. Nitasema mazuri kwanza kwa sababu ni makubwa. Shuka zilikuwa safi, zimepigwa pasi. Mlango una komeo la ndani linalofunga sawasawa, na mwanamke anayesafiri anajua hilo lina thamani gani. Bi mkubwa wa jikoni alituuliza usiku tutakula nini asubuhi, na tulipomwambia chochote akakasirika kidogo: "Chochote ndiyo nini, wanangu?" Asubuhi akaleta mbaazi za nazi na mahamri ya moto, chai ya mchaichai, na siku ya tatu shelisheli la kuchemsha lenye tui zito ambalo mdogo wangu bado analitaja hadi leo.

Ubaya nao niuseme. Tulipofika tuliambiwa maji yapo saa zote. Hayakuwapo saa zote. Yalikatika saa tatu usiku ule ule, tumetoka safarini, tuna chumvi na jasho, na yule kijana wa mapokezi akasema yatarudi "sasa hivi" mara tatu kabla ya kukiri kwamba tangi limekwisha. Kama angesema mapema tungejaza ndoo. Na chandarua cha kitanda changu kilikuwa na tundu linalopita ngumi. Mdogo wangu husafiri na sindano na uzi, akalishona kwa taa ya simu, mishono midogo midogo kama anatia kofia nakshi. Nilimwonesha mwenye nyumba kesho yake. Aliona haya, akaleta chandarua kipya cha kitanda cha pili bila ya kuombwa. Kwa hiyo ningelala tena pale, ila ningejaza ndoo mapema.

Kutoka Wete unapanda daladala hadi Konde, na Konde ndiyo mwisho wa gari za kawaida. Hapo tulichukua bodaboda mbili, kila moja 15,000 kwenda na kurudi, tukapatana waje kutuchukua saa kumi na moja jioni. Nunueni kila kitu Konde: maji, mkate, matunda. Disemba ni raha tupu, embe zimeiva, shokishoki zinauzwa kwa mafungu, na doriani unazijua kabla ya kuziona. Pale tulipofikia pwani hapana duka, hapana bomba, hapana kibanda. Mimi nilikuwa na lita tano za maji kwenye shanta, tende, chumvi, kisu, kanga tatu na mswala, na sikubeba kitu ambacho hakikutumika.

Njia ya kwenda baharini inapita ndani ya msitu wa Ngezi. Haya ni mabaki ya msitu uliokuwa umeifunika Pemba kabla ya mikarafuu, na ukiingia chini ya miti baridi inakupiga usoni, ghafla, kama umefungua mtungi. Ukitaka kutembezwa na mwongozaji unalipa kwenye ofisi ya msitu. Sisi tulitembezwa siku ya tatu, tukaoneshwa mpapindi, mnazi-mwitu mwembamba ambao asili yake ni Pemba, na tukasimuliwa habari za bundi wa Pemba, ambaye hatukumwona kwa kuwa hutoka usiku. Nenda ukipata nafasi. Ila kilichonileta mimi ni maji.

Basi tunatoka msituni saa nne asubuhi, pikipiki zinazimwa, na bahari haipo. Mchanga upo, mweupe, umepinda kama mundu hadi macho yanachoka. Maji yako mbali kule, mstari tu. Mdogo wangu akanitazama. Nami nilipaswa kujua, mjukuu wa mchokoa pweza! Usiku uliopita mwezi ulikuwa umejaa duara, na bamvua, yaani siku za maji makubwa, kwetu maji hujaa kiasi cha saa kumi, alfajiri na alasiri, na saa nne yamekupwa. Kama unakwenda kwa ajili ya kuoga, tazama mwezi kabla ya kukata tiketi. Mwezi mpevu au mwezi mchanga, asubuhi ni ya kutembea na alasiri ndiyo ya kuoga. Ukienda siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka, maji yanakuwapo asubuhi na hayaendi mbali. Hakuna aliyetuambia hili Konde, na wageni wengi wanafika, wanaona mchanga na mawe, wanapiga picha na kuondoka wakisema pwani haina bahari.

Tukatembea. Kwa saa nzima tulikutana na watu wanne tu, wote wavuvi wa dago, wale wanaopiga kambi pwani kuvua, wamejenga vibanda vya makuti chini ya mikadi. Mzee mmoja alikuwa anakalafati mashua iliyoegemezwa ubavu. Tulisimama kumtazama, akatuacha tumtazame. Anachukua pamba, anaisokota mapajani mpaka iwe kama utambi, anaipachika kwenye mwanya wa mbao mbili, kisha anaisukumia ndani kwa patasi butu na nyundo, pigo dogo, pigo dogo, mlio unabadilika kadiri pamba inavyokaa. Ikiwa bado mlio ni wa mbao tupu. Ikishakaa mlio unakuwa mzito, naye anahamia mbele kwa urefu wa kidole. Harufu ya sifa ilikuwa imemganda mwilini, ile ya mafuta ya papa ambayo wengine wanaikimbia. Mimi ilinirudisha kwa bibi.

"Mwatoka wapi, wanangu?"

"Twatoka Unguja, babu. Tumekuja kuoga."

Hakushangaa, wala hakuuliza mume yuko wapi. Alinyoosha patasi upande wa kusini. "Ogeni pale penye mchanga mtupu. Msivuke ule mwamba mweusi, maji yakitoka pana mkondo. Hapa hapati mtu kuja kukutazameni." Halafu akapiga kelele kwa vijana wake wahamishie nyavu upande wa pili. Walihama. Nasema hili kwa sababu mtu mzima alikatiza kazi yake ili wanawake wawili asiowajua waoge kwa stara, na hakuna kibao kilichoandikwa popote kumwamuru.

Maji yalianza kurudi saa nane. Yanakuja polepole, yanajaza kwanza vijito kwenye mchanga, yana moto kwa kuwa yamepita juu ya mchanga uliochomwa na jua. Saa tisa yalikuwa kiunoni. Dera likiingia maji hupumua, hujaa hewa na kukuzunguka kama ua, na ukilikandamiza chini hewa inatoka kwa mapovu yanayopanda mgongoni. Miaka sita nilikuwa nimeisahau hali hiyo. Nilijilaza chali, kanga nimeifunga kichwani, masikio ndani ya maji, nikasikia ule mvumo uliolipa jina pwani hii, wimbi linavuma mbali kwenye mwamba, haliachi. Mdogo wangu alikuwa anaogelea kwa kupiga miguu kama alivyofundishwa na kaka yetu kule Bandari ya zamani, na anacheka peke yake. Nililia kidogo. Maji ya chumvi hayaoneshi.

Wavuvi walituuzia changu wawili na vibua sita kwa 8,000, wakatuchomea juu ya makumbi ya nazi. Chumvi ilikuwa yangu, ndimu ilikuwa yao. Muhogo wao hawakutaka tuulipie. Samaki wa namna hiyo, aliyetoka majini asubuhi, nyama yake inaachana na mwiba kwa kuguswa tu. Mjini namlipia mara mbili na ameshalala siku mbili kwenye barafu.

Saa kumi na moja ikafika, pikipiki hakuna. Simu ilikuwa inashika mtandao mahali pamoja tu, juu ya kichuguu cha mchanga, na aliyepokea akasema yuko njiani. Saa kumi na mbili bado yuko njiani. Walifika jua limeshazama, wamepata abiria wengine kwanza, na kupita Ngezi gizani na madereva wawili nisiowajua sikukupenda hata kidogo. Mzee wa mashua alimtuma kijana wake atufuate na pikipiki yake mpaka Konde. Siku zilizofuata nililipa nusu asubuhi na nusu wakati wa kurudi, na saa tuliyopatana ikawa ndiyo saa waliyofika. Fanyeni hivyo tangu mwanzo.

Tulipokuwa tunaingia Konde tuliwaona popo wakitoka kwenda kula, wakubwa, wanakwenda kwa mbawa nzito kama kunguru aliyechoka. Popo hawa hawapatikani popote duniani ila Pemba. Kuna wakati walikuwa wamewindwa kwa ajili ya kitoweo hadi wakabaki wachache, na watu wa vijiji wakaamua kuwaacha walale kwenye miti yao. Kijana wa nyuma alipunguza mwendo ili tuwaone vizuri.

Kwa mwenye kutaka hesabu: kwa siku tatu kamili za pwani, tukiwa wawili, malazi, chakula, daladala na bodaboda vilitupita kidogo tu 300,000, boti kando. Vaeni viatu vya mpira majini, kuna viumbe wenye miiba mirefu myeusi kwenye mawe. Kivuli cha mikadi kinahama saa sita, kwa hiyo kanga ya tatu si anasa, ni paa. Chupa zote rudini nazo, tulizokuta zimeachwa na waliotutangulia tulizijaza shanta zima. Na wekeni akiba ya siku moja kabla ya kurudi kazini, upepo ukichafuka boti haziondoki.

Siku ya mwisho nilikwenda kumuaga yule mzee. Mashua ilikuwa imeshapakwa sifa, inasubiri bamvua ishushwe. Akasema tukija tena tumlete mama yetu. Nimempa mama salamu. Ana miaka sitini na tatu, alikuwa akiogelea Mtoni alipokuwa msichana, na juzi nimemkuta kwa fundi anapimwa dera la kitambaa kizito kisichoshika mwili.