TAHADHARI: "Gold" ya keki inayouzwa mtandaoni ni unga wa rangi ya fremu

Jamani wapishi wenzangu wa keki, kama umenunua unga wa rangi ya dhahabu wa kupamba keki kwenye vikopo vidogo vya kifuniko cheupe, vilivyobandikwa kikaratasi cha GOLD na basi, usiupake kwanza.

Wiki iliyopita nilikuwa na keki ya sendofu, ngazi tatu, fondanti nyeupe (lile ganda laini la sukari linalovishwa keki), mama wa binti anataka ngazi ya katikati iwe dhahabu tupu. Duka ninalonunua siku zote mzigo umeisha. Nikaangukia kwa kaka mmoja wa mtandaoni: vikopo vinne elfu ishirini, bodaboda anakuletea mlangoni. Kwa bei hiyo nilipaswa kushtuka, maana kikopo kimoja cha uhakika hunigharimu karibu hela hiyohiyo.

Huwa nachanganya na maji ya limau badala ya pombe, wateja wangu wengi ni Waislamu. Usiku nikajaribu kwenye kipande cha fondanti. Unang'aa balaa, brashi ikipita mara moja umeshika. Kisosi chenye mchanganyiko uliobaki nikakiacha mezani. Asubuhi kingo zake zimefanya kijani, ile kutu ya shaba kabisa. Unga halali haufanyi hivyo. Ule halali ni maika (madini yanayong'aa) iliyopakwa oksidi ya titani au ya chuma.

Nikampigia. "Dada, hiyo haina sumu, ni non-toxic." Imeandikwa wapi, na kikopo hakina hata lebo? Nikaomba picha ya pakiti anayopimia. Kimya. Jioni naona kwenye stetasi yake mfuko wa kilo, unga uleule, anawauzia mafundi wa fremu na meza za epoksi. Kumuuliza tu, akanibloku. Jina la akaunti ameshabadilisha, kwa hiyo angalieni vikopo.

Na hiyo "non-toxic" isiwazuge. Hata kalamu za rangi za watoto zinaandikwa hivyo, na hakuna anayezipika. Tafuteni neno "edible", yaani unaoliwa, pamoja na orodha ya viungo kwenye lebo ya kiwandani. Kimoja kikikosekana, rudisha. Marekani mwaka 2018, jimbo la Rhode Island, watoto sita walitapika na kuharisha baada ya kula keki ya bethidei iliyopakwa unga wa namna hii, ukakutwa na shaba tele. Mwaka uliofuata, Missouri, mtoto wa mwaka mmoja alikutwa na madini ya risasi kwenye damu. Unga uliopambia keki yake, robo nzima ilikuwa risasi.

Kama umeshaupaka na keki haijatoka, vua fondanti yote uvishe upya. Kufuta kwa tishu ni kuusambaza tu, nimejaribu kwenye kile kipande. Yangu ilienda nyeupe na lulu za sukari. Mama wa binti kaninunia mpaka leo, na elfu ishirini yangu sijaiona.