Catalyst 2960 ya mtumba na dhoruba ya ukumbi wa chakula

Nina swichi hii kwa miezi minane sasa. Niliapa sitaiandikia mapitio mpaka ikutane na tukio la kweli, na tukio lenyewe limekuja mwezi uliopita.

Ni Cisco Catalyst 2960, swichi ya mtandao (kifaa kinachounganisha kompyuta na vifaa vingine kwa waya), ile ya poti 24 za megabiti 100 na poti mbili za gigabiti. Mtengenezaji alishaacha kuiuza, kwa hiyo utaipata ya mtumba tu. Yangu niliitoa Arusha, duka moja jirani na Stendi Ndogo, shilingi 190,000 baada ya kuvutana bei karibu nusu saa. "Dada, hiki ni chuma," kijana wa dukani aliniambia, akikigonga kwa kidole. Mimi nilikuwa nimefuata kitu kimoja ndani ya hicho chuma: uwezo wa kudhibiti dhoruba ya pakiti, yaani mafuriko ya vifurushi vya data yanayoweza kuua mtandao mzima.

Natunza mtandao wa hoteli ndogo hapa Moshi, upande wa Shanty Town. Wageni wetu wengi ni wapanda mlima. Jioni moja mwaka jana kundi la watu 14 lilikuwa limeshuka kwa lango la Mweka, vumbi mpaka kwenye kope, kila mmoja anataka kupiga simu kwao aseme amefika kileleni. Mtandao ukafa. Mashine ya kadi ikagoma, kompyuta ya mapokezi ikaganda, na kwenye swichi tuliyokuwa nayo wakati huo taa zote zikawa zinawaka na kuzima kwa kasi moja. Nilihangaika saa mbili nzima. Kumbe mhudumu wakati anapiga deki ukumbi wa chakula aliona ncha ya waya inaning'inia, akaichomeka kwenye tundu lililokuwa wazi la kiswichi kidogo cha ukumbini. Ncha ya pili ilikuwa tayari kwenye kiswichi kilekile. Simlaumu hata kidogo, alikuwa anaweka mahali safi.

Fremu ya Ethernet, yaani kifurushi cha data kinachopita kwenye waya, haina kihesabio cha kuiua njiani kama ilivyo pakiti ya IP. Ikipata duara, kama ule waya uliorudi kwenye kiswichi chake, inazunguka tu. Na ya brodikasti, yaani inayotumwa kwa vifaa vyote, kwa kuwa kazi yake ni kutoka kwenye kila poti, inazaa nyingine kila inapopita. Poti ya megabiti 100 inaweza kupokea fremu ndogo zipatazo 148,800 kwa sekunde. Simu ya mgeni itapita wapi hapo? Spanning-tree, utaratibu wa swichi kutumiana ujumbe ili kugundua duara na kulikata, ndiyo kinga ya kwanza, wala usije ukaizima. Lakini baadhi ya viswichi vya mezani vya bei rahisi humeza ujumbe wake, na duara likiwa ndani ya kiswichi cha namna hiyo swichi kubwa haina habari. Hapo ndipo udhibiti wa dhoruba unapookoa.

Ujue mapema kwamba unakuja umezimwa. Lazima uuwashe mwenyewe, na kikomo unachagua wewe. Wengi huandika asilimia ya uwezo wa poti, na mimi nilianza hivyo, kisha nikapiga hesabu: asilimia 1 ya poti ya megabiti 100 ni fremu ndogo kama 1,488 kwa sekunde, lakini asilimia 1 hiyohiyo kwenye gigabiti ni kama 14,880. Neno moja, uzito tofauti mara kumi. Nikahamia kuhesabu pakiti kwa sekunde (pps). Nilipima siku tatu, zikiwemo jioni za vyumba vyote kujaa, na brodikasti zetu hazikuvuka 40 kwa sekunde kwenye poti yoyote. Nikaandika:

storm-control broadcast level pps 500 300
storm-control action shutdown

Ikizidi 500 ni dhoruba. Ile 300 ni ya kushukia: bila mstari wa pili, swichi inazuia brodikasti hadi zipungue chini ya hapo, ndipo inaziachia. Mstari wa pili unaifunga poti yote, na ikifungwa haijifungui. Kwa hiyo ongeza errdisable recovery cause storm-control, ambayo huifungua tena baada ya sekunde 300 usipobadilisha muda. Poti inayokwenda kwenye rauta sikuiwekea shutdown, maana ikijifunga hiyo hoteli nzima imekwisha. Maltikasti nayo, yaani data inayotumwa kwa kundi la vifaa, niliiacha kwanza bila kikomo.

Kabla ya kuifunga ukutani niliijaribu mezani. Laptop moja inamwaga brodikasti kwa nguvu zake zote, nyingine inapiga ping (ujumbe mfupi wa kupima kama kifaa kinajibu) kwenye rauta. Bila kikomo ping zilipotea karibu zote. Nilipoweka kikomo, poti ya mkorofi ikafa ndani ya muda wa kupepesa macho na ping zikaendelea kama hakuna kilichotokea. Nilirudia mara tano kwa raha ya kuangalia tu.

Mwezi uliopita nilikuwa Kiboriloni kwa shangazi, saa moja usiku, mama mwenye hoteli akapiga. "Mwanangu, wifi ya ukumbi wa chakula imekata. Huku mapokezi kuko sawa, wageni wanalipa." Nikamwamkia, kisha nikamwomba amtume mtu aangalie kiswichi cha ukumbini kama kuna waya uliochomekwa ncha zote mbili. Ulikuwepo. Wakauchomoa, na muda si mrefu poti ikafunguka yenyewe. Sikuacha hata sahani yangu.

Ukienda kununua, usikubali taa kuwaka tu. Omba iwashwe, ingia kwa konsoli (tundu la kuunganisha kompyuta moja kwa moja ili kuipa swichi amri), andika show storm-control uone inajibu, na uhakikishe nenosiri la mwenyewe wa zamani limefutwa. Wauzaji wengi hawana waya wa konsoli, beba wako.